Mlinzi wa Ndani Hakuambiwa

Simu ya Thenmozhi ililia akiwa jikoni, mikono imejaa unga wa dengu, na kompyuta yake imelazwa mbele ya miungu.

Ilikuwa siku ya puja ya zana, ibada ya kuzibariki. Tangu alfajiri mama mkwe wake, Nachammal, alikuwa amepanga kwenye rafu ya sala kila kitu kinachoiletea nyumba ile riziki: kompyuta ya mkaza mwanawe, spana na bisibisi za mwanawe Kathirvel, mkasi wake mwenyewe wa zamani wa kukatia nguo, na ufunguo wa pikipiki. Kila kimoja kilipakwa liwa, kikatiwa tone la unga mwekundu juu ya liwa, kikavikwa maua ya manjano. Kikishawekwa pale hakiguswi mpaka asubuhi ya kesho yake. Zana nazo zina siku yao ya kupumzika, na anayezigusa siku hiyo anajikaba riziki yake koo kwa mikono yake. Hivyo ndivyo wanavyoamini watu wa mtaa wa Singanallur, na wasioamini nao hufuata, maana nani anataka kuwa wa kwanza kujaribu?

Thenmozhi aliibana simu kati ya sikio na bega.

"Dada Thenmozhi, ni Jesintha." Jesintha alikuwa mtu wa mapokezi katika hospitali ya macho. Yeye ni Mkristo, kwa hiyo kila sikukuu ya Wahindu zamu ilimwangukia yeye. "Mfumo wa vipimo haufunguki. Unasema jina hilo halipo."

"Halipo vipi? Ngoja." Thenmozhi alifuta mkono kwenye upindo wa sari, akafungua ukurasa uleule kwa simu yake. Ukafunguka papo hapo. "Mbona kwangu unafunguka?"

"Kwako unafunguka, kwangu haufunguki. Sasa niwaambie wagonjwa wahamie kwako?"

"Wagonjwa gani leo sikukuu?"

"Wazee wa vijijini, mabasi mawili. Mtoto wa jicho. Hawajala tangu jana usiku. Daktari mgeni anaondoka na ndege ya jioni, asipoanza kabla ya saa sita hatawamaliza. Namba za lenzi zao zote zimo humo, dada. Bila namba hakuna jicho linaloguswa. Kuna bibi hapa ameniuliza mara tatu kama nimemsahau."

Thenmozhi alifikiri kidogo. "Zima waifai ya hospitali kwenye simu yako. Fungua kwa bando lako."

"Bando langu mwenyewe?"

"Jesintha!"

"Haya, haya." Akabonyezabonyeza. "Ala! Umefunguka."

"Sasa rudisha waifai."

"Nimerudisha. Unasema jina halipo. Kwa nini nisitumie tu hii simu yangu?"

"Mashine zenu za kupimia ziko kwenye mtandao wa ndani, hazitakula bando lako. Na mkuu wenu akikukuta na habari za wagonjwa kwenye simu yako, utafukuzwa kabla yangu."

Alisema hivyo kwa utani. Lakini kosa alikwisha kulijua, na alijua ni la nani.

&nbsp;

Kampuni aliyofanyia kazi Thenmozhi ilikuwa ndogo, ya kutunza mifumo ya watu wengine. Mashine zenyewe hazikuwa hapo mjini Coimbatore. Zilikuwa za kukodi, huko mafundi wanakokuita wingu, na hakuna mtu ofisini mle aliyewahi kuziona. Kazi ya Thenmozhi ilikuwa majina. Kila mashine ina jina, na lazima pawe na wa kujibu jina lile liko wapi. Majina mengine ni ya umma, yeyote duniani akiuliza anajibiwa. Mengine ni ya ndani, ya wenyewe tu. Mafundi huiita kazi hiyo DNS, na huisifu pale tu inapoharibika.

Siku moja kabla ya puja alikuwa ametengeneza eneo jipya la majina ya ndani ya hospitali, akalipatia ukoo uleule wa majina ya umma, akalifunga kwenye mtandao wa hospitali. Kilichobaki kilikuwa kujaribu kutokea ndani: ampigie Jesintha, amwombe afungue kurasa zote moja baada ya moja. Alikuwa ameinua simu kuhani wa puja ya ofisi alipoingia.

Kuhani alikuwa na ofisi nyingine mbili zikimngoja, na hakuficha. Mkuu wa kampuni, Bwana Devanathan, akapiga makofi. "Fungeni, fungeni! Zimeni kompyuta zote. Liwa inakauka."

"Bwana, bado sijajaribu kwa ndani," Thenmozhi alisema.

"Hapa umejaribu?"

"Hapa ndiyo. Inafunguka."

"Basi imefunguka. Mungu hangoji waifai."

Watu walicheka, na yeye akacheka nao. Kompyuta zikazimwa, zikavikwa maua. Boga jeupe likapasuliwa barabarani pamoja na jicho baya la mwaka mzima, wakala vitamu vya ladu, ofisi ikafungwa. Thenmozhi peke yake aliruhusiwa kubeba kompyuta nyumbani, kwa kuwa zamu ya sikukuu ilikuwa yake.

Ofisi yao iko nje ya mtandao wa hospitali, kwa hiyo kilichofunguka pale kilifunguka kwa nje tu. Hilo alilijua jana vilevile kama alivyolijua leo.

&nbsp;

Bwana Devanathan alipiga simu kabla Thenmozhi hajamaliza kunawa mikono.

"Hospitali wamenipigia mimi. Mimi! Kompyuta zetu zimefungiwa ofisini, na mlinzi amekwenda na ufunguo kwao Pollachi. Wewe ya kwako unayo?"

"Ninayo, Bwana."

"Sasa unangoja nini?"

"Iko kwenye puja."

 Bwana Devanathan mwenyewe alikuwa mtu wa kwenda kuhiji Palani kwa miguu kila mwaka. Kumwambia mtu aiguse zana siku hiyo kulimtoa jasho. Lakini mkataba nao ulimtoa jasho.

"Hayo ni ya nyumbani kwako, mimi siingii," alisema mwisho. "Ila saa sita wale wazee wakirudishwa kwao, mkataba wa hospitali umekwenda. Na ukienda, nitapunguza watu, nianze na walio kwenye kipindi cha majaribio. Sitaji jina."

Hakuwa na haja ya kutaja. Aliyekuwa kwenye majaribio alikuwa mmoja.

Thenmozhi alitoka hadi sebuleni. Kathirvel, mumewe, alikuwa ameketi kizingitini anasoma gazeti, au amelishika. Mama yake alikuwa chini ya rafu ya sala anatunga vikuba vya yasmini. Ungewaona ungesema hii ndiyo familia, sikukuu imetulia, mwana yuko nyumbani kwa kuwa kiwanda kimefungwa kwa ajili ya puja.

Kiwanda kilikuwa kimefungwa kweli. Lakini kwa Kathirvel kilikuwa kimefungwa tangu kabla ya mvua. Zililetwa mashine mpya za kusokota nyuzi ambazo hazikumhitaji fundi wa zamani, naye akaitwa ofisini pamoja na wenzake, wakapewa mkono wa kwaheri. Alimwambia mkewe usiku uleule. Mama yake hakumwambia. Baba yake alikuwa ameingia kiwanda kilekile akiwa kijana na kutoka akiwa maiti, na Kathirvel hakuona ni mdomo gani angetumia kulisema jambo lile ndani ya nyumba ile. Basi kila asubuhi aliaga, akapokea chombo cha chakula alichofungiwa na mama yake, akapanda pikipiki na kwenda kukaa kwa rafiki yake Anwar, mziba matairi wa Barabara ya Trichy. Jioni alirudi amechoka, na uchovu wenyewe haukuwa wa uongo, maana kukaa bila kazi kunachosha.

Mtaa mzima ulijua. Wenzake aliofukuzwa nao walikuwa majirani. Wanawake walikuwa wakiacha kuzungumza Nachammal alipofika kwenye bomba la maji, wakamsifia sari yake.

Tena kulikuwa na jambo la bisi. Kila mwaka, mkesha wa puja, kiwanda huwapa wafanyakazi bisi za mchele na dengu za kukaanga kwenye mfuko wenye jina la kiwanda kwa herufi nyekundu. Nachammal alikuwa akizipokea tangu siku za mumewe, na jioni ya puja huzunguka nazo mlango kwa mlango, kila jirani konzi mbili. Mwaka huu Kathirvel alizinunua sokoni, akamkabidhi mama yake mfuko mweupe usio na herufi hata moja. Labda alifikiri macho ya mama yamezeeka. Nachammal aliupokea, akaugeuza upande huu na upande ule, akasema, "Mungu awazidishie." Halafu, alipokuwa peke yake, alifunua godoro lake, akatoa mfuko wa kiwanda wa mwaka uliopita aliokuwa ameukunja vizuri, akamimina bisi humo. Hakumwambia mtu.

&nbsp;

"Mama," Thenmozhi alisema, "naomba kompyuta yangu."

Nachammal aliendelea kutunga maua. "Kesho asubuhi, mwanangu. Baada ya kafuri."

"Kesho sitakuwa na kazi ya kuifanyia."

"Kazi gani hiyo isiyojua sikukuu? Visu vya wachinjaji vimelala leo. Mabasi yamevikwa maua."

"Hospitali hailali, Mama. Kuna wazee wanangoja kupasuliwa macho, hawajala. Nimeharibu kitu mimi, na ni mimi tu ninayeweza kukitengeneza."

"Na ukifukuzwa?" Nachammal aliuvuta uzi, akaukata kwa meno. "Hatutalala njaa. Mwanangu anailisha nyumba hii. Kazi yako ni ya nyongeza." Alisema akimtazama mwanawe, wala si mkaza mwanawe.

Kathirvel aligeuza ukurasa wa gazeti. "Mama, mpe tu. Kazi ni kazi."

"Mbona ya kwako haipigi simu leo? Kiwanda kinajua kupumzika."

Kathirvel akarudisha macho kwenye gazeti.

Thenmozhi alimtazama. Maneno yaliyotakiwa hayakuwa mengi: sina kazi, Mama, sasa ni yeye tu. Angeweza kuyasema yeye mwenyewe, tena kwa ukali, na kompyuta ingeshuka pale pale. Lakini aibu ile haikuwa yake kuimwaga, na Kathirvel alikuwa amemwapisha kwa jina la mtoto ambaye bado hawajampata. Alimchukia mumewe wakati huo, alimchukia hasa, pamoja na gazeti lake na shingo yake iliyonyolewa vizuri kwa ajili ya sikukuu.

Simu ililia tena. Jesintha alikuwa amepunguza sauti. "Dada, yule bibi ameanza kulia. Anasema miungu imemkataa kwa kuwa amekuja siku ya puja. Nimwambieje?"

"Mwambie si miungu. Mwambie ni mimi."

Nachammal aliyasikia. Aliweka maua chini. "Hebu nieleze. Umeharibu nini?"

"Majina, Mama."

"Majina yanaharibikaje?"

Thenmozhi aliketi sakafuni mbele yake. Hakuwahi kumweleza mtu yeyote wa nyumba ile kazi yake, na hakuna aliyewahi kumuuliza. "Chukulia jumba kubwa lenye walinzi wawili. Mmoja yuko lango la barabarani. Mtu yeyote akiuliza fulani anakaa wapi, anamwelekeza. Wa pili yuko ndani, anajibu wenye nyumba tu. Huyo wa ndani nimemweka jana. Nikamtajia vyumba vya ndani, basi. Kuna majina ambayo wa nje anayajua, huyu wa ndani sikumwambia."

"Si aende langoni akamuulize mwenziwe?"

"Haendi. Ndivyo alivyoumbwa. Ukishamkabidhi majina ya jumba lile, asilolijua anasema halipo. Na watu wa ndani humuuliza yeye tu. Hawatoki barabarani."

"Kwa hiyo," Nachammal alisema polepole, "barabarani kila mtu anajua. Wa nyumbani ndio wanaoambiwa halipo."

"Ndiyo, Mama." Thenmozhi alikwisha kujibu kabla hajasikia alichoulizwa. Kisha alisikia, na uso ukamwaka moto.

"Mjinga, mlinzi huyo."

"Si kosa lake," Thenmozhi alisema kwa sauti ndogo. "Hakuambiwa."

Nachammal alimgeukia mwanawe. "Umesikia, Kathir? Hakuambiwa."

Gazeti lilishuka. Kathirvel alilikunja mara mbili, akalikunja tena, mpaka likawa halikunjiki.

"Mama, kile kiwanda..."

"Sema kama mtu mzima."

"Walinitoa. Kabla ya mvua."

"Na chakula ninachokufungia kila siku unakila wapi?"

"Kwa Anwar. Pale kwenye matairi."

"Na yeye unamgawia?"

"Namgawia."

"Afadhali. Nilidhani unamwaga."

Kathirvel aliinua kichwa. "Kumbe ulijua?"

"Nimepokea bisi za kiwanda kile tangu baba yako hajaota mvi. Nisiujue mfuko wake?" Akaokota ua lililomwanguka. "Nilichokuwa nangoja ni kuambiwa. Na wewe," akamgeukia Thenmozhi, "na wewe ulikuwa unanipikia huku umekaa kimya."

"Niliapishwa, Mama."

"Najua. Ndiyo maana sijakutukana."

Alisimama, magoti yakilia, akanawa mikono. Aliwasha kipande cha kafuri, akakizungusha mara tatu mbele ya kompyuta, akanong'ona maneno yake. Kisha akaishika kwa mikono miwili na kuisogeza shubiri moja upande wa kaskazini. Hivyo ndivyo puja inavyofungwa. Kilichosogezwa kaskazini kimeruhusiwa kuondoka.

"Hii imemaliza," alisema akimkabidhi mkaza mwanawe. "Hizo spana zako, Kathir, zibaki. Hazina haraka."

Kathirvel aliinama. Yalikuwa maneno ya kweli, na hakuwa na pa kuyakwepa.

&nbsp;

Thenmozhi alifanya kazi palepale sakafuni, petali zikimwangukia kwenye vidole. Aliyaandika katika eneo la ndani majina yote aliyoyaruka: la vipimo, la miadi, la barua. Si kazi ndefu. Jana angeijua haja yake kwa simu moja, kama kuhani angekuwa na ofisi moja pungufu.

"Jaribu, Jesintha."

"Bado."

"Kompyuta zinakumbuka jibu la zamani. Zima kompyuta yako, uiwashe."

Walingoja wote. Kathirvel alikuwa amesogea karibu, amesimama kwenye mlango wa jikoni asijue aiweke wapi mikono yake. Saa tano ilikuwa imepita kitambo.

"Bado, dada. Ngoja. Ngoja kwanza... Imefunguka! Namba hizi hapa! Bibi, bibi, inuka!" Simu ikaachwa wazi, zikasikika kelele za viti na kitanda cha magurudumu.

Thenmozhi aliufunika uso kwa viganja. Nachammal alimwekea kikombe cha kahawa ya maziwa pembeni, akarudi kwenye maua yake.

Haikuwa imeisha. Alasiri, wazee walipokuwa wametoka salama na bandeji zao, Bwana Devanathan alimwunganisha kwenye simu na mkuu wa utawala wa hospitali. Thenmozhi aliweka sauti wazi, maana mikono yake ilikuwa kwenye dengu tena.

"Nataka kujua nani alifanya mabadiliko bila kuyajaribu," alisema mkuu wa hospitali.

"Ni binti mmoja mgeni, mheshimiwa, bado yuko kwenye majaribio," Bwana Devanathan alisema. "Unajua vijana wa siku hizi, haraka haraka. Nimeshamkanya. Thenmozhi, omba radhi."

"Naomba radhi," Thenmozhi alisema.

"Vizuri zaidi," Bwana Devanathan alisisitiza.

"Naomba radhi sana, mheshimiwa. Haitatokea tena."

Mkuu wa hospitali alipokata, Bwana Devanathan alibaki. Sauti yake ilikuwa imelainika. "Umeniokoa, binti. Lakini kipindi chako cha majaribio nitakisogeza mpaka sikukuu ya Pongal. Hospitali wanataka waone nimechukua hatua. Si unaelewa?"

"Naelewa, Bwana."

"Basi sikukuu njema."

Nachammal alikuwa ameacha kutunga. "Kwani jana hukumwambia kwamba hujajaribu?"

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

"Akasema nizime, kuhani alikuwa na haraka."

"Kwa nini hukusema hayo?"

"Ningesema, Mama, nani angenisikiliza?" Aliendelea kukoroga. Mshahara ungekuja mwisho wa mwezi kama kawaida, na huo ndio ulioleta mchele uliokuwa jikoni. Aliimeza aibu ile kwa sababu hakuwa na pa kuitemea.

 Chakula kilipoiva, kabla hajamwita mwanawe, Nachammal alimwita yeye kwanza kula, jambo ambalo halikuwa kawaida ya nyumba ile.

&nbsp;

Jua lilipopoa Nachammal alitoka chumbani na mfuko wenye herufi nyekundu. Aliuweka mkekani, akaufungua, akaleta na ule mweupe wa sokoni, akaanza kumimina bisi kutoka wa kiwanda kurudi katika mweupe.

Kathirvel aliuona mfuko wa mwaka jana. Ilimchukua muda kuelewa unafanya nini pale, kisha akaelewa. Mama yake alikuwa amejiandaa kuzunguka mtaa mzima na uongo wa mwanawe mkononi, mlango kwa mlango, huku akijua kwamba kila mlango unajua. Alichuchumaa mbele yake.

"Mama, nisamehe."

"Shika mfuko, zinamwagika."

Alipomaliza aliukunja ule wa kiwanda vizuri kama ulivyokuwa, akaurudisha chini ya godoro. Akajifunga upindo wa sari. "Twende. Utabeba wewe."

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Sulochana, ambaye mumewe alitolewa kiwandani siku moja na Kathirvel. Sulochana alitoka na bakuli na tabasamu lililokwisha kuandaliwa.

"Ah, bisi za kiwandani! Nilikuwa nasema moyoni, Mama Nachammal amechelewa wapi?"

"Za sokoni," Nachammal alisema. "Kathirvel hayuko tena kiwandani. Walimtoa."

"Jamani! Mimi sikujua kabisa!"

"Ulijua, Sulochana. Leta bakuli."

Sulochana alileta bakuli. Tabasamu lilimponyoka, likabaki uso wa kawaida wa mwanamke ambaye naye ana mume amekaa ndani. "Na kwetu ni hivyohivyo, Mama," alisema.

"Najua, mwanangu. Chukua konzi tatu."

Nyumba ya pili hapakuwa na mtu. Ya tatu ilikuwa ya msimamizi wa zamu, mmoja wa wale waliobakizwa kazini. Pikipiki yake ilikuwa uani imevikwa maua, na mlangoni ulikuwa umetundikwa mfuko wenye herufi nyekundu. Nachammal alibisha hodi, kisha akarudi nyuma hatua moja na kunyamaza makusudi, macho yake kwenye maua ya pikipiki.

Mlango ulifunguliwa. Msimamizi alimwona Kathirvel, akautazama mfuko mweupe, akayahamisha macho kwa adabu.

Kathirvel alisogea mbele. "Mwaka huu ni za sokoni, kaka," alisema. "Sina kazi. Lete bakuli."